Anwani, Kona ya Kulia

Wino mwekundu huniishia kabla ya mshahara.
Insha arobaini na sita za Kidato cha Tatu Mashariki,
na arobaini kati yake zinaanza na jua lilelile:
limechomoza, miale yake ni dhahabu,
ndege wanatumbuiza matawini.

Bilan, namwambia, wewe unakaa ghorofa ya tano, Eastleigh,
dirisha lenu linatazama ukuta wa jirani.
Ndege gani?
Darasa linacheka. Bilan anafuta mpaka karatasi inakuwa nyembamba.
Kesho yake ananiletea jenereta ya hoteli
inayokohoa mara tatu kabla ya kuwaka,
na mama yake akihesabu, kitandani, macho yamefumbwa:
moja, mbili, haya.

Nawafundisha nilivyofundishwa.
Masimulizi yana miguu, yaache yaende.
Maelezo yana macho, yatulie mahali pamoja.
Hoja ina pande mbili; zipime, kisha uchague,
usibaki katikati kama mtu wa kuvuka Jogoo Road saa moja asubuhi.
Insha ya methali, nataka kisa, sitaki kamusi.

Muthengi anainua mkono: Na kama methali ni ya uongo?
Mvumilivu hula mbivu,
na baba yake amefungua lango la watu miaka kumi na tisa.
Iandike hivyo hivyo, nikamwambia,
halafu usiku nikakosa usingizi:
mtahini wa Novemba hamjui baba Muthengi.

Kisha barua rasmi.
Hapa sura kwanza, niliwaambia, sauti baadaye.
Anwani yako juu, kona ya kulia. Tarehe.
Anwani ya mwandikiwa, kushoto.
Mintarafu, herufi kubwa, mstari chini.
Ukiharibu sura nakata maki mbili, na sibembelezwi.

Barongo aliandika kwa ofisi ya kaunti, kuhusu taka mtaroni.
Aya tatu safi, kila nukta imekaa kwake.
Kona ya kulia, weupe mtupu.
Nikakata mbili.
Pembeni nikaandika: Kwani huishi mahali?
Alama ya kuuliza niliikandamiza
ikatokea upande wa pili.

Nyaboke ndiye aliyenifuata hadi mlango wa ofisi ya walimu,
mikono nyuma, akiongea na viatu vyangu.
Mwalimu, kwa kina Barongo walibomolewa Ijumaa usiku.
Kule kando ya mto.
Lile swali lako analisoma kila saa.

Mwongozo wa kusahihisha una kurasa nane.
Niliupekua wote, hata jalada.

Nikamwita, nikamrudishia maki zake mbili.
Akazikataa kwa adabu iliyonivua nguo:
Sura ni sura, Mwalimu. Ni wewe ulisema.

Wiki hii nimewapa maelezo.
Kitu kimoja, aya moja, na atakayeniletea jua atafagia darasa.
Katumbi ameleta sufuria yenye kovu.
Muthengi, kofia ya baba yake, jasho limechora ramani ndani ya ukingo.
Barongo ameleta mlango.

Bati la kijani, anasema, na mbao tatu za mkingamo.
Tingatinga liliponguruma
baba yake hakutoa godoro, hakutoa redio.
Alichukua nyundo akang'oa mlango na bawaba zake,
akaubeba kichwani hadi kwa shangazi, Dandora.
Sasa umeegemea ukuta wa sebule.
Kufuli lingali pale. Ufunguo ninao mimi.
Watoto wa shangazi huubisha wakicheza,
na mimi, anaandika, huwa nageuka.

Saa tano usiku, stima zimepotea,
nasahihisha kwa tochi ya simu.
Natafuta kosa, ndiyo kazi niliyoajiriwa.
Lipo moja, la ngeli, mstari wa mwisho:
ameandika mlango yetu.

Kalamu imesogea hadi hapo,
ikasimama,
ikaacha tone.